Mjomba Haingii kwa Watu Kinyumenyume

Bohari ya zamani,
Jumatatu, 2 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla hujasoma mbele, tafuta kiti ukae. Barua hii inatoka kwa mtu ambaye akipiga chafya, majimbo manne yanapata mafua. Sijisifu, naeleza tu. Saruji iliyojenga hiyo ofisi yako niliileta mimi. Vioo vya madirisha, mimi. Hata hicho kiti cha kuzunguka unachokalia, nina hakika kilipita mgongoni kwangu.

Hujambo lakini? Kazi mpya inakupokeaje? Goti la dada yangu linaendeleaje? Mwambie aache kupanda ngazi kama mwizi wa mabati. Mimi ni mzima wa chuma, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unanitabiria mvua siku mbili kabla, jambo ambalo redio haiwezi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi huwezi. Barua nimempa dereva wa lori la vipuri, ataiweka kwenye mfuko wa mlango. Majibu yako yarudi kwa mlango huohuo.

Sasa sikiliza. Meneja wenu amebandika tangazo hapa ukutani: dereva aliyetimiza miaka hamsini na tano anapumzishwa safari ndefu. Mimi nimepangiwa kibanda cha getini, nikae humo na daftari, niandike namba za magari ya wenzangu yanayoingia na kutoka. Na lori langu, Kumi na Moja, apewe Kidevu. Kidevu! Mtu anayepima upepo wa tairi kwa kulipiga teke, halafu anasikiliza kama daktari!

Nimemwambia msimamizi wa bohari mbele ya mafundi wote: kalamu ya getini mtaishika wenyewe. Mimi nimeacha shule darasa la tano, tena si kwa ujinga, mwalimu aliishiwa. Sikutoka kwenye dawati miaka hiyo ili nirudi kwenye dawati leo.

Wakumbushe hao wakubwa mwaka ule wa upepo. Upepo uliliangusha tangi la maji la bohari, lita elfu tano, chini puu! Uani alikuwepo nani? Mimi na Kumi na Moja, peke yetu. Tangi lilianguka, sisi tukabaki tumesimama. Upepo ulitushindwa, leo tutawezwa na karatasi na gundi?

Wewe sasa ndiye mpangaji wa safari. Nitafutie safari moja, ndefu kuliko zote, nzito kuliko zote. Halafu waambie watoe viti nje watazame.

Ni mimi mjomba wako,
Kapteni wa Majimbo Manne


Makao makuu, ghorofa ya pili,
Alhamisi, 5 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Goti la mama limepungua uvimbe, ulimi haujapungua kitu. Nilimsomea barua yako akasema, "Mwambie mdogo wangu akipiga chafya aweke mkono mdomoni." Kiti changu hakizunguki. Mguu wake mmoja umetiwa kadibodi.

Nimekutafutia. Ni transfoma ya hospitali, tani thelathini na nane, kutoka kiwandani hapo karibu na bohari yenu mpaka mji wa mwisho wa jimbo la nne. Kilomita elfu moja na mia tisa. Hospitali hiyo transfoma yake imeungua. Wanaendesha kwa jenereta, chumba cha upasuaji kinafanya kazi nusu siku, mashuka wanafua kwa mikono. Wamepata kreni ya kuishusha, lakini kreni itakuwepo siku moja tu, Ijumaa tarehe 27. Ikiondoka hairudi mpaka mwezi wa nane. Kwa hiyo Alhamisi tarehe 26 kabla giza halijaingia, lazima uwe ndani ya uwanja wao.

Nilipotaja jina lako, Meneja alicheka. Akasema, "Huyo namjua kwa mdomo. Sasa nimjue kwa karatasi." Nikamwambia sawa, karatasi utaipata. Tumekubaliana hivi, na nimemfanya aandike: ukileta mpango wa safari ulioandikwa, kila kituo na sababu yake, na mzigo ukafika salama kwa siku yake, Kumi na Moja ni lako mpaka wewe mwenyewe useme umechoka. Likikosekana moja, unaingia kibandani na Kidevu anachukua funguo.

Huu ndio mpango wangu wa kwanza, Mjomba. Nipo mwezi wa pili wa majaribio. Sikutishi, nakwambia tu tuko lori moja.

Nimekutetea kwa sababu sijasahau. Nilipokuwa darasa la kwanza, lori lako lilikuwa likipita mbele ya nyumba, tunatoka mbio tunapunga mikono, halafu baada ya dakika kumi linapita tena, ndipo linasimama. Mama alikuwa akisema, "Anatusalimia mara mbili huyo." Watoto wa jirani walikuwa na wajomba wa kusalimia mara moja. Mimi wangu alikuwa wa mara mbili, na niliwaringia kweli.

Leta mpango kabla ya tarehe 12. Na tafadhali, uandike njia, usiandike hadithi.

Mpwa wako


Bohari ya zamani,
Jumatatu, 9 Juni

Mpwa wangu, kipenzi cha ukoo,

Salamu kwako na kwa dada yangu mwenye ulimi. Mimi sijambo, nimelala vizuri, nimeota barabara.

Umesema njia, nakupa njia. Nina ramani kichwani ambayo serikali ingeiona ingenifungia kabatini.

Nikitoka kiwandani sipiti barabara ya moja kwa moja. Nazungukia kaskazini, kwa njia ya machimbo ya kokoto. Sababu: lile daraja la chuma la moja kwa moja halina afya. Mara ya mwisho nilipopita lilikohoa. Nilisikia kwa masikio yangu.

Mafuta najaza kituo kidogo cha yule mzee kiziwi, chenye mdomo wa kuingilia na mdomo wa kutokea. Kile kikubwa chenye taa nyingi usinitajie. Mafuta yao yana maji. Niliwahi kufungua tangi nikakuta samaki. Mdogo, lakini samaki.

Kulala, jimbo la pili, nitalala uwanja wa mnada, peupe. Najua kuna nyumba ya mapumziko ya madereva, ina ukuta na bafu na vitanda. Siitaki. Kunguni wa pale wana vyeo. Kuna mmoja alinisimamisha mlangoni akaniuliza natoka wapi.

Jimbo la tatu, mji ule wenye saa mnarani, sikati katikati. Nauzunguka wote kwa nje. Sababu: wananijua mno, nikipita katikati shughuli zinasimama.

Na sitaki utingo. Usinipangie. Utingo ana maneno, na mimi nikiwa na mzigo huwa nasikiliza tairi.

Hayo ndiyo yote. Mpelekee Meneja, mwambie akishamaliza kusoma anawe mikono, ameshika historia.

Mjomba wako,
Ramani Inayotembea


Makao makuu,
Ijumaa, 13 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mgongo umetulia, maana nataka kuukalia kidogo.

Nimepiga simu kila mahali. Daraja la chuma limekaguliwa mwezi wa pili, linabeba tani sitini, wala halina kikohozi. Kile kituo kikubwa cha mafuta, nimeongea na msimamizi wao, nilipomuuliza kuhusu samaki akaniuliza kama mimi ni mzima. Nyumba ya madereva imepigwa dawa. Mji wenye saa mnarani nimewauliza, hakuna anayekujua isipokuwa mwanamke mmoja wa ofisi ya barabara, aliyesema, "Ah, yule anayepitaga kwa mbali."

Njia yako ni ndefu kuliko ya kawaida kwa kilomita mia mbili na kumi na mbili. Naweza kuzitetea, lakini nipe sababu ambayo mtu mzima akiisoma haangalii dirishani.

Tena nina jambo jingine. Nimepata mchoro wa uwanja wa hospitali, na hapa hapana mjadala. Geti ni moja. Ukiingia kuna njia nyembamba, kulia ukuta wa chumba cha kufulia, kushoto ghala la dawa, hatua sabini mpaka mwisho, ndipo kreni itakaposimama. Nafasi ya kugeuza haipo, hata baiskeli itahangaika. Kwa hiyo tela linatangulia: unapiga rivasi kutoka barabarani mpaka mwisho, transfoma inashushwa, kisha unatoka kwa mbele. Kwa mtu wa miaka ishirini na sita barabarani hii ni kazi ya kupiga mluzi, najua. Nakuandikia tu ili uwe nayo kichwani, kwenye ile ramani ya serikali.

Mpwa wako


Bohari ya zamani,
Jumatatu, 16 Juni

Mpwa,

Hujambo. Sijambo.

Mimi siingii kwa watu kinyumenyume.

Nimesoma barua yako mara nne, nimeona mahali pameandikwa nitangulize makalio kwenye hospitali ya watu. Mzigo wa heshima, mzigo unaosubiriwa na wagonjwa, mzigo uliovuka majimbo manne, unaingizwa kwa mgongo kama mwizi anayeficha uso? Wauguzi wamesimama wanasubiri kuona sura ya shujaa, wanaoneshwa taa za nyuma?

Waambie wafungue geti la pili. Kama hawana, wavunje ukuta. Ukuta ni matofali, matofali nitawaletea mimi, safari inayofuata.

Na hizo kilomita mia mbili na kumi na mbili sizipunguzi hata moja. Samaki nilimuona.

Kama Meneja hataki, achukue. Kidevu aende. Lakini getini sikai! Nitakaa nyumbani kwangu, nitaweka kiti barabarani, na kila lori litakalopita nitalikosoa.

Mjomba wako,
Asiyerudi Nyuma


Makao makuu,
Jumatano, 18 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, hata kama umenuna. Mama anakusalimu, anasema ulianza kununa ukiwa na miezi minne.

Barua yako dereva wa vipuri aliiacha mapokezi. Meneja akaifungua. Nikamkuta amesimama mlangoni kwangu anasoma kwa sauti, ghorofa nzima wametoa vichwa.

"'Nitangulize makalio,'" anasoma. "Huyu ndiye dereva wako?"

"Huyo ndiye mjomba wangu. Na hiyo ni barua yangu."

"Kidevu amesema yuko tayari kuingia hata kwa paji la uso."

"Kidevu mwaka jana alipeleka vioo," nikamwambia, "vikafika mchanga."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Ukimsainia huyu, jina lako linakuwa chini ya lake. Akikwama, mnakwama wote."

Nikachukua kalamu mkononi mwake, Mjomba. Mkononi mwake! Nikasaini palepale, karatasi ya safari nimeiegemeza kwenye fremu ya mlango.

Njia zako zote nimeziacha. Daraja, mzee kiziwi, uwanja wa mnada, mji wa saa kwa nje. Nimeziita "njia za tahadhari kwa mzigo mzito," na wamekubali. Utingo nimekufutia. Lakini geti sina la kufanya. Katibu wa hospitali anasema ndani ya ule ukuta linapita bomba la maji la wodi ya wazazi.

Unaondoka Jumamosi alfajiri. Usiponijibu nitajua umekubali.

Mpwa wako


Jimbo la tatu, kwenye ngazi ya Kumi na Moja,
Jumanne, 24 Juni

Mpwa wangu shupavu,

Salamu kutoka barabarani. Mimi mzima, transfoma nzima, nimeifunika turubai, asubuhi naipiga kofi kidogo kuiamsha. Kumi na Moja anakula kilima kama mtoto anavyokula sukari.

Mpaka hapa hakuna aliyeumia na nchi iko salama. Juzi polisi walinisimamisha, wakaona karatasi yako na muhuri, wakanipigia saluti. Wawili. Basi, mmoja. Alikuwa anafukuza nzi, lakini mkono ulifika kwenye kofia.

Kwenye mzani wa jimbo hili tulipishana maneno. Nimepanda kwenye bamba la kupimia, yule bwana mpimaji anatoa kichwa dirishani.

"Mzee, umepitiliza. Rudi nyuma mita moja."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine juu ya mzani?"

"Kijana, mzigo wa hospitali hautazami nyuma."

"Mita moja, mzee! Moja!"

Malori kumi na mbili nyuma yangu yanapiga honi, nami nimekunja mikono. Unadhani nilirudi? Nilitoka kwa mbele, nikaenda mpaka mzunguko wa kwanza, kilomita tisa kwenda, tisa kurudi, nikapanga foleni upya, nikasimama katikati ya bamba kama sahani mezani. Yule bwana akagonga muhuri akafunga dirisha. Heshima ilikuwa imemzidi.

Kesho kutwa asubuhi nafika. Dereva wa mchanga anayekuja huko kwenu atakuletea hii.

Mpwa, hebu niambie, zile hatua sabini ulizoandika ni za mtu mrefu au mfupi? Si kwa lolote. Nauliza tu.

Mjomba wako barabarani


Makao makuu,
Jumanne, 1 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute, na ikukute mzima. Nimeituma kwa basi, kwa mkono wa katibu wa hospitali, kwa kuwa simu yako haiiti na sijui mahali pengine pa kukutafuta.

Transfoma imefika. Ninayo risiti, ina sahihi na muhuri, uwanjani Alhamisi saa tisa na nusu alasiri. Ijumaa kreni imeshusha. Jumamosi taa zimewaka. Katibu alinipigia anacheka na kulia. Nilipiga kelele ofisini mpaka mhasibu akamwaga chai.

Lakini katibu huyohuyo alisema jambo nikaliweka pembeni. Alisema ulifika saa moja asubuhi. Toka saa moja mpaka saa tisa, lori lilikuwa limesimama barabarani nje ya geti, wewe umekaa kwenye ngazi. Walipokuuliza ulisema unasubiri karatasi. Mjomba, karatasi zote ulikuwa nazo. Nilizipanga mimi.

Ulitakiwa uwe bohari Jumatatu, jana. Hukuja. Meneja amekuja kwangu mara tatu. Anasema mzigo umefika ndiyo, ila lori tupu halijulikani liko wapi, na Kidevu ameshapiga pasi shati. Nimemwambia dereva wangu yuko kwenye ukaguzi wa tela. Amesema, "Mpaka Jumatatu ijayo saa mbili. Baada ya hapo nabandika karatasi nyingine."

Jana nilishindwa kufanya kazi. Nikatoa kabatini safari zako zote za zamani, za miaka tisa, nikazichora kwa penseli kwenye karatasi moja kubwa. Mjomba, zote ni duara. Hakuna hata moja iliyonyooka ikarudi. Kila kituo cha mafuta kina midomo miwili. Kila mahali pa kulala ni uwanja wa wazi. Niliikalia ile karatasi mpaka wenzangu wakafunga madirisha.

Sikuulizi kitu. Kama hutaki kuniambia, usiniambie, na karatasi nimeikunja nimeiweka chini ya mguu wa kiti, mahali pa kadibodi. Njoo tu nyumbani.

Mpwa wako, aliye upande wako


Mji wa mwisho, karibu na uwanja wa mpira,
Ijumaa, 4 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Nimekusababishia homa na wewe hukustahili. Mimi ni mzima, tumbo zima, mgongo umechakaa lakini kwa sababu nzuri. Mwambie dada yangu sijafa, asianze kugawa viatu vyangu.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliandika kwamba geti lilikuwa na nyoka. Ya pili, kwamba mkuu wa hospitali aliniomba nisubiri, aje na bendi. Ilikuwa barua tamu sana, ile ya bendi. Nimezichana zote mbili.

Nilifika saa moja kweli. Nikaliona geti. Nikashuka nikazipima hatua zako, zikafika sabini na tatu, mimi miguu yangu ni mifupi. Nikarudi nikakaa kwenye ngazi. Kreni inakuja kesho yake, watu wanapita na ndoo za mashuka, na mimi nimekaa. Nikawaza niondoke nikakutane na lori la mtu, nimuombe. Nani? Hakuna dereva wa majimbo manne ambaye sijamringia.

Saa tisa likaja trekta kutoka ndani, linavuta tela la taka la hospitali. Anaendesha mama mmoja, mnene, kilemba cha kijani, buti za mpira. Nimemzibia njia.

"Baba, gari limekufa?"

"Halijafa. Linapumzika."

"Basi lipumzikie ndani, mimi nipite."

"Breki zina joto."

"Toka asubuhi?"

"Na jua linanipiga kwenye kioo."

Akazima trekta. Akashuka, akaja mpaka kwenye ngazi, akanitazama usoni hivi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, hata mlinzi wa geti hakusikia:

"Hujui."

Mpwa wangu, nimeitwa mambo mengi. Nimeitwa mwongo na watu wakubwa, nikawajibu mpaka wakaomba maji. Kwa neno hilo moja niliinuka kwenye ngazi nikampisha.

Akasema, "Mimi narudisha hili tela la taka mara nane kwa siku. Lako ni refu tu. Nioneshe breki yake iko wapi, halafu wewe nenda nyuma kule ukasimame, unipungie mikono kama unaniongoza. Watu wanaangalia."

Nikasogeza lori mbele kidogo, akalitoa trekta lake barabarani, akapanda kwangu, nami nikaenda nyuma. Nikapunga mikono. Kulia, kushoto, njoo, njoo, ngoja. Hakuniangalia hata mara moja, alikuwa na vioo vyake. Aliingiza tani thelathini na nane kati ya kufulia na ghala kwa muda wa kumenya chungwa. Alipozima injini, watu wakapiga makofi. Wakanipigia mimi! Mlinzi akanishika mkono, akasema, "Huyo mama amebahatika kupata mwalimu." Nami nikasema asante. Hiyo asante nimelala nayo siku nane.

Ndiyo maana sikurudi. Kreni ilipomaliza, nilimfuata yule mama kwenye jalala, nikavua kofia. Nikamwambia nifundishe. Akasema saa kumi, akitoka kazini, uwanja wa mpira. Kapanga mapipa ya mafuta mistari miwili, ndani yake ndiyo njia. Siku ya kwanza niliangusha mapipa kumi na moja. Yalikuwepo kumi na mawili. Anakaa kwenye tairi la trekta lake anakula karanga, anapiga kelele, "Mwanafunzi! Tela halikusikii, usilifokee!" Kila nikizungusha usukani kulia, tela lenyewe linakwenda kushoto. Miaka hamsini na tano akili yangu imenidanganya upande.

Juzi akapanda akakaa kando yangu. Akaushika mkono wangu akautoa juu ya usukani, akauweka chini, huku karibu na tumbo. Akasema, "Shika hapa. Sasa unakotaka tela liende, mkono nao uende hukohuko. Polepole, kama unafunga mlango chumba chenye mtoto amelala." Mpwa, liliingia. Liliingia lenyewe, kama ng'ombe anayejua zizi. Leo nimeangusha pipa moja, na lile lilikuwa limekaa vibaya.

Ukweli ni huu. Mtihani wa leseni niliufanya kwa lori fupi, halina tela. Nilipopewa tela, wiki ya kwanza, bohari, nikajaribu kulirudisha nikiwa peke yangu uani. Ule upepo ulioangusha tangi la maji ulikuwa mimi. Toka hapo nikaapa sitarudi nyuma tena, nikaipanga dunia nzima iwe ya kwenda mbele. Nimezunguka miji. Nimelala na mbu uwanja wa mnada huku naona taa za bafu ng'ambo. Miaka ishirini na sita, na ikawa karibu nikupoteze wewe na kazi yako kwa hatua sabini. Hilo ndilo lililonifungua ulimi.

Barua hii inakuja kwa basi la usiku huu, nami naondoka nyuma yake; mpelekee Meneja maneno haya, na uyasome kwa sauti ghorofa nzima ikisikia, kama alivyosoma yeye. Jumatatu saa mbili kasorobo nitakuwa nje ya bohari. Geti la nyuma, ninalotokeaga siku zote nisirudi nyuma, afunge. Atoe viti. Nitaingiza Kumi na Moja kwa makalio, kutoka barabarani, katikati ya pampu na lile tangi jipya, mpaka chini ya tangazo lake. Kidevu aje na shati lake la pasi anisimamie nyuma, apunge mikono. Nikigusa kitu, hata jani, funguo nampa palepale na nitaenda kibandani kwa miguu yangu. Nisipogusa, tangazo analibandua kwa kucha zake mwenyewe, mbele ya mafundi. Na jina lako kwenye ile karatasi, hakuna mtu wa kulitolea sauti tena.

Ile karatasi yenye duara, iache hapohapo chini ya kiti. Ikukalishe vizuri.

Limebaki moja, dogo, na sikutaka kuliandika, lakini wewe umelitaja mwenyewe na toka siku hiyo halinilazi. Kule kupita mbele ya nyumba yenu mara mbili. Ile ya kwanza, mwanangu, nilikuwa nimepitiliza.

Mjomba wako